Barua ya wazi kuhusu watu elfu moja kwa mwaka

Kwenu mnaosimamia malikale, makumbusho na mitaala ya historia,

YAH: WATU WALIOUZWA KILWA KWENDA MASHAMBA YA WAFARANSA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. (Mnisamehe kuanza hivyo. Miaka 31 ya kuandika barua za kiserikali haitoki mkononi kwa siku moja.)

Nilifundisha Historia katika sekondari za mkoa wa Lindi, na sasa nimestaafu, nakaa Kilwa Masoko. Katika miaka yote hiyo kulikuwa na swali lisilokosa: taja sababu za kupanuka kwa biashara ya watumwa Afrika Mashariki katika karne ya 18 na ya 19. Jibu lake kila aliyekalia dawati la sekondari nchi hii analo kichwani. Mashamba ya karafuu Unguja na Pemba. Soko la Brazil. Mahitaji ya Uarabuni. Na katikati yake kijimstari kimoja: Wafaransa walifungua mashamba ya miwa katika visiwa vya Mauritius na Reunion. Mwanafunzi anaandika, anapata alama yake, anahamia swali linalofuata.

Mwaka mmoja, kwenye mtihani wa majaribio, kijana mmoja aliandika kwa Kiingereza chake cha kuungaunga kwamba Mauritius alikuwa mfanyabiashara wa Kifaransa aliyekuja Kilwa kununua watumwa. Nikapiga mkasi kwa wino mwekundu. Sikuishia hapo, nilisimama ofisini nikawasomea walimu wenzangu, tukacheka mpaka chai ikapoa.

Miaka kadhaa baadaye, nikipekua nyaraka za zamani za pwani, nikakutana na mtu anayeitwa Jean-Vincent Morice. Mfaransa. Mfanyabiashara. Alikuja Kilwa kununua watumwa. Tarehe 14 Septemba 1776, Sultani Hassan bin Ibrahim wa Kilwa aliwekeana naye mkataba, na mkataba huo upo, umechapishwa, unasomeka. Nauweka kwa maneno yangu: sultani anatoa ahadi ya kumpatia Morice watumwa elfu moja kila mwaka kwa piastre 20 (sarafu ya fedha ya wakati huo) kila mmoja, na Morice atampa sultani zawadi ya piastre 2 kwa kila kichwa. Hakuna mwingine atakayeruhusiwa kununua, awe Mfaransa, Mholanzi au Mreno, mpaka Morice awe amepata wake na hataki tena. Kuthibitisha ahadi hiyo sultani anampa ngome aweke mizinga na bendera yake. Muda wa mkataba: miaka mia moja.

Miaka mia moja! Mtu na mwenziwe wanakaa barazani, wanapanga kuuza wajukuu wa watu ambao bado hawajazaliwa.

Kijana yule alikuwa karibu na ukweli kuliko mimi niliyeshika kalamu nyekundu. Hilo ndilo linaloniandikisha barua hii.

Nimevuka kwenda Kilwa Kisiwani mara zisizohesabika, nyingi zake nikiwa na wanafunzi. Mnapanda boti Masoko, watoto wanalowa, wawili watatu wanatapika, mnafika. Wanaonyeshwa Msikiti Mkuu na makuba yake. Wanapandishwa Husuni Kubwa kuona birika la pembe nane linaloitazama bahari. Wanasimuliwa dhahabu ya Sofala, Ibn Battuta aliyefika mwaka 1331, Wareno waliokuja na mizinga mwaka 1505. Yote kweli, na mimi mwenyewe nimeyasimulia kwa mbwembwe. Kisha historia inaruka kama santuri iliyochubuka, mnarudi kwenye boti. Katika safari zangu zote sijawahi kusikia mwaka 1776 ukitajwa pale, wala kusoma bango linaloutaja. Ni eneo la Urithi wa Dunia tangu 1981, dunia nzima inaalikwa kuja kutazama mawe, na watu waliopitishwa katikati ya mawe hayo wakipelekwa majini hawana hata mstari.

Hao elfu moja walikuwa akina nani? Si watu wa kisiwani. Kisiwa chenyewe kisingekuwa na watu wa kuuza kwa kiasi hicho mwaka hadi mwaka. Walitoka bara. Njia za misafara ya Wayao zilizoteremsha pembe za ndovu kutoka upande wa Ziwa Nyasa ziliteremsha na watu. Walikuwamo Wamakua, Wamakonde, Wangindo, Wayao wenyewe, Wanyasa. Walikamatwa vitani, au waliuzwa kwa deni, au walichukuliwa njaa ilipoingia kijijini. Wakafika pwani, wakahesabiwa, wakapakiwa. Safari ya kwenda Île de France, jina ambalo Wafaransa waliipa Mauritius, ilikwenda majuma kadhaa. Makadirio ya wanahistoria ni kwamba kwa waliotoka pwani yetu, takriban mmoja katika kila watano hakufika.

Na hapa, wakubwa wangu, kijimstari chetu cha kitabuni kina kosa ambalo nimelifundisha kwa miaka 31. Tunasema "mashamba ya miwa". Mwaka 1776 miwa ilikuwa bado kidogo Île de France. Kisiwa kilikuwa bandari ya vita na ya biashara, kituo cha meli za Kifaransa zinazokwenda India na kurudi. Gavana Mahé de Labourdonnais, aliyefika mwaka 1735, ndiye aliyeijenga Port Louis, na aliijenga kwa mikono ya watumwa: kupasua mawe, kuchoma chokaa, kuchimba mfereji wa maji, kubeba mizigo gatini. Nje ya mji walilima ngano na mahindi ya kulisha mabaharia. Ng'ambo ya pili, Bourbon, ambayo ndiyo Reunion ya leo, walilima kahawa. Miwa kutanda kisiwa kizima ni habari ya baadaye, baada ya Waingereza kukiteka kisiwa mwaka 1810, na hasa baada ya mwaka 1825 sukari ya Mauritius ilipowekewa ushuru sawa na ile ya visiwa vya Karibi. Kwa hiyo mtu aliyeuzwa Kilwa kwa mkataba wa Morice huenda hakuwahi kukata muwa. Huenda alipasua mawe mpaka akafa, na mawe hayo bado yamesimama kwenye majengo ambayo watalii wanayapiga picha.

Siku yake ilianzaje? Mfaransa mmoja, mhandisi, aliyekaa kisiwani mwishoni mwa miaka ya 1760, aliandika alichokiona. Alfajiri, mijeledi mitatu hewani. Hiyo ndiyo kengele. Mnyapara anasimama, watu wanatoka vibandani, wanakwenda shambani karibu uchi, juani mpaka jioni. Chakula ni mahindi yaliyosagwa yakachemshwa kwa maji, au muhogo. Muhogo huo Labourdonnais aliuleta kutoka Brazil makusudi, kwa sababu ni chakula rahisi cha kulisha watumwa, na mwanzoni watu waliukataa. Mtu akikosea anafungwa mikono na miguu kwenye ngazi na kuchapwa. Kisha anavikwa pete ya chuma shingoni yenye miiba mitatu, arudi kazini nayo. Jaribuni kufikiri mtu analalaje na kitu hicho.

Sheria ilikuwepo. Watu wengi hudhani utumwa ulikuwa fujo. Ulikuwa na vifungu na aya. Mwezi Desemba 1723 mfalme wa Ufaransa alitoa amri kwa visiwa hivi viwili, zikifuata ile sheria ya watumwa ya mwaka 1685 iliyotungwa kwa ajili ya Karibi. Mtumwa abatizwe. Mtoto afuate hali ya mama: mama mtumwa, mtoto mtumwa, hata baba akiwa nani. Mzungu asioe Mweusi wala asikae naye kinyumba, na vizazi vya machotara wa visiwani vinatuambia kifungu hicho kiliheshimiwa kiasi gani. Mtoro wa mwezi mmoja akatwe masikio na apigwe chapa ya moto begani, alama ya ua la yungiyungi, nembo ya mfalme. Akitoroka tena akatwe mshipa wa goti, na chapa bega la pili. Mara ya tatu, kifo.

Lakini walitoroka. Sisi Waswahili tuna neno letu la mtoro na tunalitumia siku hizi kwa mwanafunzi anayeruka uzio. Kule lilikuwa neno la kufa na kupona. Waliingia milimani, na Bourbon yenye mabonde marefu ilikuwa na watoro waliozaa na kulea hukohuko. Serikali ikaunda vikosi vya wawindaji. Aliyemuua mtoro hakuhitaji kuteremsha maiti kutoka mlimani. Alileta mkono uliokatwa, akalipwa. Mlima wa Le Morne, kusini magharibi ya Mauritius, ulikuwa maficho ya aina hiyo, na watu wa pale wanasimulia kwamba siku askari walipopanda kuleta habari za uhuru, watoro walidhani wamefuatwa, wakajirusha. Iwe ilitokea hivyo au la, mlima huo uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008 kwa ajili ya watoro hao hasa. Sikilizeni tofauti: mlima walikokimbilia una heshima hiyo kwa jina lao, na gati waliloondokea lina heshima hiyohiyo kwa jina la dhahabu.

Na mabwana zao? Nawaomba msije mkaandika kitabuni kwamba walikuwa mashetani, kwa sababu shetani haelezeki, na mwanafunzi anastahili kuelezwa. Wengi walitoka Brittany, magharibi mwa Ufaransa, wana wa mabaharia na makarani, watu ambao kwao wangekuwa wa kawaida tu. Kisiwani walipata kubebwa. Nasema kubebwa kwa maana yake hasa: bibi mwenye nyumba alikwenda kanisani kwa machela, mabegani mwa watu. Walijenga nyumba zenye baraza pana, upepo upite. Watoto wao walinyonya kwa yaya ambaye mtoto wake mwenyewe alikuwa mali ya nyumba. Mtu alipokufa, karani alikuja kuorodhesha urithi, na katika orodha hiyo ng'ombe, majembe na watu vilifuatana ukurasa mmoja, kila kimoja na bei yake. Walikuwa na madeni ya kutisha kwa wafanyabiashara wa Port Louis, kimbunga kimoja kiliweza kumfilisi mtu, na rehani waliyoweka ni binadamu. Kwa hiyo mtu angeweza kuuzwa Kilwa kwa deni la mjomba wake, kisha akauzwa tena Port Louis kwa deni la bwana wake.

Walikuwa pia wakaidi wa kupigiwa mfano. Tarehe 4 Februari 1794 bunge la mapinduzi Paris lilifuta utumwa katika makoloni yote. Mwaka 1796 wajumbe wawili walifika Île de France kuitekeleza amri hiyo. Walowezi wakawarudisha melini. Hivyo tu. Walikaa na watumwa wao kana kwamba sheria haikutungwa, mpaka Napoleon alipoirudisha hali ya zamani mwaka 1802. Mwaka 1832 Waingereza nao walipomtuma mwanasheria John Jeremie, anayejulikana kwa kupinga utumwa, maduka yalifungwa, mji ukagoma, naye akaondoka. Wakili wa walowezi, Adrien d'Épinay, alikwenda London kudai fidia. Ana sanamu Port Louis, bustanini.

Fidia ilitoka. Uingereza ilitenga paundi milioni 20 kwa makoloni yake yote, na sehemu ya Mauritius ilizidi paundi milioni 2. Wakalipwa wenye watumwa, na nyingi zikaishia mifukoni mwa wadai wao. Watumwa, zaidi ya 60,000, hawakupata kitu. Utumwa ulifutwa kisiwani tarehe 1 Februari 1835, na siku iliyofuata watu wale wale walitakiwa shamba lile lile, kwa bwana yule yule, safari hii wakiitwa wanagenzi wanaojifunza kazi. Kazi waliyoifanya maisha yao yote! Unagenzi huo ulikoma mwisho wa Machi 1839, nao wakayaacha mashamba kwa maelfu. Nafasi zao zikazibwa na Wahindi walioletwa kwa mikataba. Mkopo wa fidia ile Uingereza ilimaliza kuulipa mwaka 2015. Mwaka huo nilikuwa darasani, na chaki mkononi, nikiandika kijimstari changu.

Biashara ya Kilwa nayo haikuachana na Wafaransa mapema. Morice alikufa miaka michache tu baada ya mkataba, na katika miaka ya 1780 Waomani wakaitia Kilwa chini yao. Biashara ikaendelea. Mwaka 1822 Waingereza walimfunga Sayyid Said kwa mkataba asiwauzie Wakristo watumwa, na magendo yakaendelea kupenya. Hata baada ya Ufaransa kufuta utumwa Reunion, mwezi Desemba 1848, mawakala wao walirudi pwani hii miaka ya 1850 kununua watu, Kilwa ikiwamo, kisha wanawaita wafanyakazi huru wa mkataba. Mtu ananunuliwa, anaulizwa kwa lugha asiyoijua kama anakubali kwenda, anawekewa alama kwenye karatasi. Mchezo huo ulipigwa marufuku mwaka 1859.

Naomba mnivumilie kwa jambo moja la karafuu. Katika jibu letu la mtihani, karafuu ya Unguja ni sababu ya kwanza na Wafaransa ni sababu ya pili, kana kwamba hazijuani. Mche wa karafuu ulifika Unguja ukitokea visiwa hivyo hivyo vya Wafaransa, mwanzoni mwa karne ya 19. Na wao waliuiba Maluku, visiwa vya Indonesia ya leo, mwaka 1770, kwa mipango ya Pierre Poivre, mtawala wa Kifaransa kule Île de France. Soko la Wafaransa lilipobanwa mwaka 1822, wafanyabiashara waliokuwa na watu mikononi walitafuta pa kuwaweka, na pa kuwaweka pakawa kwenye mikarafuu. Zao na mtindo wa kulilima kwa watumwa vilivuka bahari pamoja, safari hii vikija upande wetu. Mwanafunzi akielezwa hivyo hahitaji kukariri. Anaona.

Na wakulima wa vanila wa Bukoba, je, nani amewaambia? Ua la vanila huku kwetu halina mdudu wa kulichavusha. Mkulima anapita shambani asubuhi na kijiti chembamba kama cha kuchokolea meno, anainua kile kiwambo cha ndani ya ua, anabonyeza kwa kidole gumba, anakwenda ua jingine. Mbinu hiyo aliigundua mtumwa wa miaka 12 huko Reunion, mwaka 1841, kwenye shamba la Ferréol Bellier-Beaumont. Aliitwa Edmond, bila jina la ukoo. La Albius alipewa alipoachwa huru. Kisiwa kikatajirika kwa vanila, yeye akafa fukara mwaka 1880. Huyu si mtu wetu wa Kilwa, najua, nimechepuka kidogo. Lakini kila nikiona vanila nashindwa kupita kimya.

Sasa nije kwenye maombi.

La kwanza, bango moja Kisiwani. Lisimame pale boti inapotia nanga, kabla mgeni hajaona msikiti. Liwe na maneno ya mkataba wa 1776 kwa Kiswahili, yote, pamoja na jina la sultani na zile piastre 2 zake. Najua hapo ndipo pagumu. Nilipolitaja jambo hili katika ofisi moja, ambayo sitaitaja, niliambiwa kwa upole kwamba mambo hayo yataamsha maneno kati ya koo, na kwamba wageni wanakuja kuona utukufu. Niliambiwa pia niandike barua. Ndiyo hii. Kuhusu koo, nawajibu kama mtu ninayeishi hapa: hapa Kilwa kila familia ina mnunuzi, muuzaji na muuzwaji katika nasaba yake, tatizo ni kwamba hatujui yupi ni yupi. Na kuhusu lawama, tumezoea kubishana kama mwenye dhambi ni Mwarabu au Mzungu, mpaka hatuna muda wa kusoma karatasi yenyewe. Karatasi ina pande mbili, na upande mmoja umetiwa saini na mtu wa hapa.

La pili ni kitabu. Sasa tuna somo la Historia ya Tanzania na Maadili, na linafundishwa kwa Kiswahili. Yule kijana wangu angeandika vizuri zaidi kwa Kiswahili, hilo nina hakika nalo. Basi kijimstari kile kiwe kurasa mbili tatu. Kisahihishwe habari ya miwa. Kiwe na mkataba wenyewe, kiwe na alfajiri ya mijeledi mitatu, kiwe na orodha ya urithi yenye ng'ombe na watu. Mwanafunzi aulizwe: sultani alipata kiasi gani kwa mwaka kama mkataba ulitimizwa? Hesabu hiyo ni ya darasa la tano, na jibu lake, piastre 2,000, halisahauliki.

La tatu ndilo ninalolitamani kuliko yote. Waingereza, katika kuzuia magendo, waliwalazimisha wenye watumwa wa Mauritius kuwaandikisha kuanzia mwaka 1815. Madaftari hayo yapo, nyaraka za taifa za Uingereza zinayo. Mwanafunzi wangu wa zamani aliyeko masomoni Ulaya alinitumia picha ya ukurasa mmoja kwenye simu. Niliivuta ikawa kubwa, nikavaa miwani, nikakaa nayo mpaka chaji ikaisha. Safu ya jina, safu ya kazi, umri, kimo, alama mwilini, alikozaliwa. Majina ni ya kupachikwa: kule mtu aliitwa Jupiter, Figaro, au jina la mwezi kama Janvier, kama mtu anavyompa jina mbuzi. Safu ya alikozaliwa inasema "Msumbiji", na chini yake "Msumbiji", na chini yake tena, kwa sababu wao kila aliyetoka pwani hii kwao alikuwa wa Msumbiji, awe alipakiwa Kilwa au Ibo, kisiwa cha kaskazini mwa Msumbiji. Ukiishia hapo unakata tamaa. Lakini itazameni ile safu ya alama. Karani aliandika chale za usoni na kifuani ili mtoro akikamatwa atambulike. Alikuwa anafanya kazi ya polisi. Hakujua anatuachia ramani, maana chale za Mmakua si za Myao, na za Mmakonde kila mzee wa Newala anazijua.

Tena si karatasi tu. Mwaka 1846 Mfaransa mzaliwa wa Mauritius, Eugène de Froberville, aliwakusanya watu waliotoka pwani yetu, waliokuwa wamekwishaachwa huru, akawahoji habari za kwao na lugha zao, na akachukua umbo la nyuso zao kwa plasta. Makumi ya nyuso hizo yapo hadi leo katika kasri la Blois, Ufaransa. Fikirini mtu amelazwa, amefumba macho, plasta ya baridi inamwagwa usoni, anapumua kwa shida akisubiri ikauke. Chale zake zikabaki kwenye plasta. Huenda hao ndio watu pekee wa biashara ile ambao tungeweza kusimama mbele yao tukawaangalia, na wako mji mdogo wa Ufaransa ambao hapa Kilwa hatuna anayeujua.

Ninaloomba ni nakala. Nakala za kurasa za madaftari, picha za nyuso hizo, zije Kilwa na Lindi na Mtwara, ziwekwe mahali ambapo bibi wa miaka themanini anaweza kuingia bila kiingilio akatazama. Wenzetu wa Mauritius wameshatangulia: walikuwa na tume ya ukweli na haki iliyotoa ripoti yake mwaka 2011, na wana makumbusho ya utumwa katika hospitali ya kale ya kijeshi Port Louis. Mkiwaandikia nina hakika watajibu. Wao ndio wanaotutafuta. Wana ngoma yao ya sega, inapigwa kwa ravanne, ngozi ya mbuzi kwenye duara la mti, na kabla ya kupiga wanaipasha moto mpaka ikaze. Niliangalia mkanda wake na mpiga ngoma mmoja wa Lindi. Hakusema kitu mpaka wale watu walipoisogeza ngoma motoni. Hapo akasema, "Haya, hao wamefundishwa na nani?"

Tafsiri ya mkataba nimekwishaiandika, ukurasa mmoja na robo, naiambatisha na barua hii. Kama mtaona maneno yangu ni mazito, yapunguzeni. Tarakimu tu msiziguse. Bango nimepima: mbao ya mninga, futi nne kwa tatu, fundi yupo hapa Masoko na bei yake ni ya kawaida. Boti ya kulivusha nitalipa mwenyewe.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu wa Historia,
Kilwa Masoko

Nakala: Kijana niliyemnyima alama, popote alipo.